Kabla Hujanunua Kioo Kipya

Hotuba mbele ya wazazi, walimu na vijana, Tororo, Uganda

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa), wazee wetu, akina mama, walimu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, hamjambo nyote. Mwenyekiti amenipa saa moja na amenionya nisiigeuze kuwa mbili, kwa hiyo naenda moja kwa moja.

Katika ufundi wa kompyuta, kitu kinachosingiziwa kuliko vyote ni kioo. Mtu akiona mistari, akiona chenga, rangi zikigeuka, picha ikipepesa, husema kioo kimekufa. Simlaumu, maana macho yake yako hapo. Lakini kioo ndicho cha bei ghali, na mara nyingi hakina hatia. Waya wa picha hauzidi bei ya kuku, ilhali kioo cha laptopu kinaweza kula karo ya mtoto. Nataka kila atakayetoka humu leo aweze kujua ubovu uko wapi kabla hajamwambia fundi "badilisha".

Picha unayoiona hupita sehemu tatu. Kwanza inachorwa ndani ya kompyuta. Pili inapita kwenye waya, na hata laptopu ina waya wake, mwembamba kama utepe, unaopita kwenye bawaba za kifuniko. Tatu inaonyeshwa na kioo. Sehemu zote tatu zinategemea umeme, na umeme wetu nitausema kwa urefu baadaye, maana una maneno mengi. Kazi yako nyumbani ni kujua ubovu uko sehemu gani kati ya hizo. Kuutengeneza ni jambo jingine.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kompyuta nyingi za nyumbani hapa kwetu zinatumia Windows, kwa hiyo nitasema ya Windows. Chenga zikiwa kwenye skrini, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kilichoandikwa PrtSc. Kompyuta itajipiga picha yenyewe na kuihifadhi kwenye folda ya picha. Itume hiyo picha kwenye simu yako, kwa WhatsApp au kwa waya, uifungue huko. Vijana, sikilizeni vizuri hapa: sisemi uchukue simu uipige skrini picha kwa kamera. Kamera itaona kila kitu, kizuri na kibaya, haitakusaidia kutenganisha. Nasema picha ambayo kompyuta imejipiga.

Ukiifungua kwenye simu ukakuta chenga zilezile zimo, basi zimechorwa ndani ya kompyuta, na kioo chako ni kizima. Maji yakiwa machafu kuanzia kisimani, hata ukibadilisha ndoo utachota matope. Ukikuta picha ni safi kabisa huku skrini bado imejaa mistari, ujue ubovu uko mbele zaidi: kwenye tundu la kutolea picha, kwenye waya, au kwenye kioo chenyewe.

Kipimo cha pili ni cha wenye monita ya mezani. Monita zina vitufe vyake vya menyu, pale chini au ubavuni, ambavyo wengi hawajawahi kuvigusa. Bonyeza. Ile menyu ya mwangaza na rangi inayotokea haichorwi na kompyuta, inachorwa na monita yenyewe. Kama menyu imetokea safi, imenyooka, na huku nyuma yake picha inacheza, basi usimguse monita, mrudie waya na kompyuta. Kama menyu nayo imekatwa na mstari uleule, hapo monita imekiri yenyewe. Unaweza hata kuchomoa waya wa picha kabisa na kuiacha monita peke yake na umeme wake: itaandika "No Signal" au maneno ya namna hiyo. Maneno hayo yakitokea yanatetemeka, hakuna kompyuta ya kulaumu tena, maana haipo.

Cha tatu ni kuazima. Laptopu nyingi zina tundu la HDMI, lile bapa la kutolea picha, na nyumba nyingi siku hizi zina televisheni bapa. Unganisha, bonyeza Windows na herufi P, chagua ionyeshe kote kuwili. Televisheni ikionyesha safi na laptopu ikiendelea na mistari yake, basi ni kioo cha laptopu au ule utepe wa kwenye bawaba. Kuvitenganisha hivyo viwili ni kazi ya mkono: fungua na kufunga kifuniko polepole huku ukiangalia. Picha ikipotea ukifika pembe fulani na kurudi ukisogeza, mshtaki utepe kwanza. Utepe ni rahisi kuliko kioo, na fundi anayeruka hapo na kukimbilia kioo mwulize kwa nini.

Tahadhari moja kuhusu televisheni. Ikionyesha picha iliyokatwa kingo, ule mstari wa chini wenye saa hauonekani, hakuna kilichoharibika. Televisheni huikuza picha kidogo ili ijaze kioo. Ingia kwenye menyu yake, sehemu ya ukubwa wa picha, uiambie isikuze.

Sasa waya. Nimekuja nao, naomba tuinue hii monita mezani ili walioko nyuma waone. Huu wenye kichwa cha bluu na skrubu mbili ni VGA. Ulitoka kwenye kompyuta za IBM mwaka 1987, na bado umejaa kwenye monita za mitumba tunazoletewa kutoka Ulaya. Una nafasi 15 za pini, safu tatu za tano tano. Pini ya kwanza inabeba wekundu, ya pili kijani, ya tatu bluu. Kila rangi ina njia yake, na hapo ndipo kuna siri ambayo ukiijua hutadanganywa.

Waya huu niliouchomeka una pini ya kwanza iliyovunjika. Tazameni ukurasa mweupe. Si mweupe tena, umekuwa rangi ya bahari, kijani na bluu vimechanganyika, kwa sababu wekundu haufiki. Ingekuwa ya pili, ukurasa ungekuwa wa pinki iliyokolea. Ingekuwa ya tatu, ungekuwa wa manjano. Mama mmoja mwenye duka la dawa aliambiwa manjano hayo ni virusi, akafutiwa kompyuta nzima na kuwekewa Windows upya, na rekodi za duka zikaenda. Windows mpya ilipowaka, ilikuwa ya manjano vilevile. Pini moja ilikuwa imelala ubavu. Ikanyooshwa kwa ncha ya kibano, weupe ukarudi.

Ukichungulia kichwa cha VGA, usiogope ukikuta nafasi moja haina pini katika safu ya kati. Waya nyingi zimetengenezwa bila pini ya tisa, na picha haiihitaji. Inayokupasa kuitafuta ni iliyolala au iliyokatika. Na zile skrubu mbili zifungeni. Zimewekwa kwa sababu kichwa hiki ni kizito na kinalegea chenyewe kila mtoto akivuta meza.

HDMI ina tabia nyingine. Haipotezi rangi moja ikabakiza mbili namna hii. Waya wake ukichoka, utaona vidoti vinavyometameta kama nyota, au skrini inazima sekunde mbili tatu na kurudi, au haiji kabisa. Kabla ya kununua mwingine, geuza ncha, jaribu tundu jingine la televisheni. Na wenye kompyuta za mezani zilizoongezewa kadi ya picha, yaani kipande cha ziada cha kuchora picha, angalieni mmechomeka wapi. Matundu yaliyo karibu na ya kibodi na USB ni ya ubao mkuu. Ya kadi yako chini zaidi, kwenye safu yake peke yake. Kadi ikiwepo, waya uende kwenye kadi. Kuna watu wamewahi kupeleka monita mbili kwa fundi kwa sababu ya hilo tu.

Nimefika kwenye umeme, na hapa mwenyekiti anivumilie.

Kompyuta nyingi za mitumba zinakuja na waya wa umeme wa Ulaya, plagi ya miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu za Uganda ni za matundu matatu ya mraba. Na sote tunajua kinachofanyika: mtu anachukua kalamu, anaisukuma kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha anasokomeza ile miguu miwili. Inawaka. Lakini ile plagi ya Ulaya earthi yake, yaani njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, iko ubavuni, kwenye vibati viwili vya pembeni, na soketi yetu haina cha kugusana navyo. Kwa hiyo kompyuta inafanya kazi bila earthi.

Matokeo yake mnayajua bila kujua jina lake. Ukigusa boksi la chuma la kompyuta ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji, mkono unasisimka. Ndani ya pawa sapulai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, kuna vichujio vinavyotakiwa kumwaga takataka za umeme kwenye earthi. Earthi isipokuwepo, lile boksi linaelea kwenye volti zinazoweza kufikia nusu ya zile za ukutani, na za ukutani ni 240. Mkondo wake ni mdogo sana, kwa kawaida hauui mtu mzima, ila usiuzoee, maana pawa sapulai ikiharibika ndani hakuna tena kitakachokulinda. Na kwenye picha, hasa ya VGA, utaona mikanda mipana ya kivuli inapanda polepole kutoka chini kwenda juu, au herufi zinatikisika kama zinaonekana ndani ya maji. Ukibadilisha kioo itabaki. Ukibadilisha monita itabaki.

Dawa ni waya wa umeme wa miguu mitatu, ule wa plagi yenye fyuzi. Upande unaoingia kwenye kompyuta unafanana, wa Ulaya na wa kwetu, kwa hiyo unachomoa mmoja unachomeka mwingine. Halafu hakikisha nyumba yenyewe ina earthi ya kweli. Soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi. Nimeona nyumba za kupanga ambazo tundu la tatu halijaunganishwa na kitu chochote. Mwite fundi umeme mwenye kibali apime. Na ukiunganisha kompyuta na televisheni, zima zote mbili na uzichomoe ukutani kwanza, maana zile volti zinazoelea hupitia kwenye waya wa picha na kuua matundu.

Pia geuzeni boksi mtazame nyuma, karibu na mahali pa waya wa umeme. Baadhi ya pawa sapulai za zamani zina kiswichi kidogo chekundu kilichoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo hapa, utasikia mlio na utanusa moshi kabla hujaona picha yoyote. Kiwe kwenye 230. Chaja za laptopu za siku hizi zimeandikwa 100 hadi 240, hizo hazina shida.

Halafu radi. Mimi sihitaji kuwaambia watu wa Tororo habari za radi, mji wetu unatajwa hata nje kwa wingi wa siku zake za ngurumo. Ninachotaka kusema ni njia inayopitia. Watu wanachomoa plagi ya televisheni wakidhani wamemaliza, na kumbe waya wa dishi bado umeshikana na dekoda, na dekoda imeshikana na televisheni kwa HDMI. Mshtuko unashuka kutoka juu ya bati, unapita dekoda, unaingia tundu la HDMI. Asubuhi televisheni inawaka vizuri, lakini tundu moja au yote ya HDMI yamekufa, na kama kompyuta ilikuwa imeunganishwa hapo, nayo imeondoka. Chomoa ukutani, chomoa waya wa dishi, chomoa na waya wa intaneti kama unao. Na ufanye hivyo wingu likiwa bado mbali, usishike nyaya ngurumo ikiwa juu ya paa.

Wenye sola nao wana neno lao dogo. Inverta, zile mashine za kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, zikiwa za bei rahisi hazitoi umeme laini kama wa waya wa barabarani, zinautoa kwa ngazi ngazi. Monita nyingine hulalamika: zinavuma na kuleta mistari hafifu. Jaribu monita hiyohiyo kwa jirani mwenye umeme wa kawaida kabla hujaihukumu. Na picha ikipepesa kila jioni jirani anapowasha mashine ya kuchomelea, umeshapata jibu bila kufungua skrubu.

Tuje kwenye kompyuta yenyewe, yaani pale skrinishoti, ile picha ambayo kompyuta imejipiga, ilipokuja na chenga zake.

Anza na draiva ya picha, ile programu inayoifundisha Windows kuongea na kadi. Skrini ikiganda au ikiwa na mabaka, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itazima kidogo, utasikia mlio, na draiva itakuwa imeanzishwa upya bila kufunga kazi yako. Ikisaidia, na tatizo likarudi baadaye, washa kompyuta katika hali salama (Safe Mode). Katika hali hiyo Windows haitumii draiva ya kadi yako, hutumia ile ya msingi ya kwake yenyewe. Mambo yakiwa safi huko na machafu nje, tafuta draiva sahihi, au irudishe ya zamani kama matatizo yalianza baada ya kusasisha. Na hapo kuna uongo unaozunguka mjini: kwamba chenga zako zimeletwa na Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10, tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kuacha huduma ni kuacha kuleta masasisho ya usalama. Ni jambo la kulishughulikia, ila halichori mistari kwenye skrini ya mtu.

Kama chenga zinaonekana hata mapema, pale nembo ya kampuni inapotokea kabla Windows haijaamka, usipoteze bando kupakua draiva. Huo ni ubovu wa chuma, yaani wa vifaa vyenyewe, si wa programu. Na hapa wengi hawajui kwamba kompyuta nyingi za nyumbani hazina kadi ya picha ya peke yake, zinaazima ramu ileile ya mashine, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi. Ramu ikilegea au ikishika uchafu, picha inachafuka. Zima, chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, toa ramu, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba safi ya penseli, futa mabaki, rudisha mpaka vishikizo vilie pande zote mbili. Kabla ya kuishika, gusa chuma cha boksi. Nusu ya kompyuta za mezani "zilizokufa" huamka kwa raba hiyo. Nusu ni kauli yangu ya kifundi, msiipeleke kwa mwalimu wa hesabu.

Chenga zinazongoja kwanza ndipo zije, kijana anacheza gemu kwa muda halafu rangi zinamwagika, hizo ni za joto. Vumbi letu jekundu la murramu linashonana kwenye feni na kuwa kama blanketi. Lipulizeni nje, mkiishikilia feni kwa kidole isizunguke.

Na kioo je, hakifi kamwe? Kinakufa. Doa jeusi lenye miguu kama wino uliomwagika, hilo ni pigo, mtu amekikalia au amefunga kifuniko kalamu ikiwa ndani. Mstari wa wima usiohama hata milimita, unaoonekana kwenye menyu ya monita na kwenye nembo vilevile, ni kioo. Skrini nyeusi huku kompyuta inasikika ikifanya kazi, chukua tochi, zima taa ya chumba, imulike kwa pembeni. Ukiona picha hafifu ndani ya giza, kioo bado kinachora, kilichokufa ni taa yake ya nyuma, au umeme wa kuilisha. Kwenye monita za mezani zinazowaka sekunde mbili kisha zikazima, mara nyingi ni kapasita, vile vijikopo vya kuhifadhi umeme, zilizovimba vichwa ndani ya pawa sapulai. Fundi mzuri anazibadilisha kwa fedha kidogo. Lakini ni fundi, nasema. Usiifungue mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kapasita hubaki na umeme. Na zile za chogo, kama bado kuna mwenye nayo, ndani yake kuna maelfu ya volti.

Mkienda kwa fundi, pelekeni skrinishoti, mwambieni yalianza lini na baada ya nini, na mkibadilishiwa kioo daini cha zamani mkononi. Sasa mwalimu kule ameinua mkono muda mrefu, nitaanza na swali lake. Baada ya hapo mwenye laptopu aje nayo mezani pamoja na chaja yake, na mwenye kompyuta ya mezani asijisumbue kubeba boksi lote, aje na waya wa picha na waya wa umeme.